Ubeti Mmoja Kabla ya Moto

Kila alfajiri mama mkwe wangu alikuwa anaomba, na mimi nawasha tanuri. Huo ndio mgawanyo wa kazi niliokabidhiwa nilipoolewa, nikaukubali bila maswali, maana bibi harusi hukubali mengi kabla hajafumbuka macho. Tunaamka pamoja, tunafunga vitambaa kichwani, tunavuka ua hadi chumba cha kuokea. Mikate imelala kwenye trei, imeumuka vizuri chini ya kitambaa. Mama anagusa mmoja kwa kidole, anasema, "Iko tayari," kisha anaingia stoo ya unga na kufunga mlango. Nabaki mimi na lile dubwana.

Dubwana ni tanuri la gesi, la chuma, refu kuliko mume wangu, na mume wangu si mfupi. Kabla sijaingia nyumba ile liliwahi kumlipukia mama. Mpira wa gesi ulikuwa umepasuka mahali asipopaona mtu, gesi ikavuja usiku kucha na kujaa ndani, na asubuhi yeye, hana habari, akafungua mlango akawasha kiberiti. Nyusi ziliungua zote. Mkono wa kulia ulibaki na ngozi inayong'aa mpaka kwenye kiwiko. Fundi wa gesi alibadilisha mpira, akafundisha watu wa nyumba ile sheria upya. Kwanza fungua mlango wa tanuri na madirisha, subiri kidogo hewa itoke. Mama akamuuliza, kidogo ni kiasi gani? Fundi akakuna kichwa, akasema, "Kama ubeti mmoja wa zile nyimbo zenu za kanisani." Kisha washa fimbo ya kuwashia, ipeleke kwenye matundu chini, ndipo ufungue koki. Moto kwanza, gesi baadaye. Ukigeuza, shauri yako.

Basi sheria alizijua kuliko sisi wote, ila hakuzitumia tena. Mwanawe ndiye aliyewasha. Mwanawe, yaani mume wangu, alipata kazi ya ulinzi wa usiku kiwandani kabla tu ya harusi yetu, kazi ikanishukia mimi. Mama alikanda unga, alikata, alitoa trei za moto, aliuza dirishani, alibishana na wateja. Nguvu zake ni za watu wawili. Lakini kuinama mbele ya lile tundu na kiberiti mkononi? Thubutu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu nyoka wake alikuwa amesimama ndani ya nyumba.

Sikumlaumu kwa kuogopa. Kilichonichoma roho ni sifa. Majirani walikuwa wanasikia sauti yake ikitoka stoo kila alfajiri, anaomba, kisha anaimba ule wimbo wa kwaya ya akina mama, ule wa polepole ambao ukianza nao kunyonyesha mtoto anaachishwa ziwa kabla haujaisha. Na si kuimba kwa chini. Anaimba mpaka mabati yanaitikia. Kanisani wakambandika jina la Mama Mwombaji. Mke wa mchungaji alinishika mkono siku moja akaniambia, "Una bahati, mwanangu, kuishi na mtu anayepiga magoti kabla jua halijatoka." Nikasema, "Ndiyo, mama mchungaji, bahati kubwa." Moyoni nikasema, yeye anapiga magoti, mimi nachuchumaa, na mwenye kuchuchumaa ndiye aliye karibu na moto.

Mimi nami ubeti wangu niliuimba, maana sheria ni sheria. Lakini niliuimba chini ya pumzi, mbio mbio, nimalize nirudi kuegemea ukuta. Sijazaliwa na subira. Mama mwenyewe husema mimi ni mtu wa kula embe bila kulimenya.

Kisha nikapata mimba.

Mwanzoni haikunizuia. Nilichuchumaa, nikawasha, nikainuka. Halafu tumbo likaanza kunitangulia kila ninapokwenda, na kuinuka kukawa ni kazi ya kushika ukuta kwanza. Kule kliniki muuguzi aliniuliza nafanya kazi gani. Nilipomweleza alishusha miwani yake.

"Kuchuchumaa basi," akasema. "Moto basi. Unataka kuzaa au unataka kuoka?"

"Vyote."

"Chagua kimoja, kingine mpe mwenzio."

Nikarudi nyumbani na maneno hayo, nikayaweka mezani mbele ya mama wakati wa chai. Alinisikiliza akizungusha kijiko ndani ya kikombe, ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani.

"Mungu atafungua njia," akasema.

"Ameshafungua, mama. Njia ni wewe."

Kijiko kikasimama. Mume wangu, aliyekuwa ameamka muda huo na macho mazito, alitazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake, akachukua mkate wake akaenda kuulia uani. Ni mtu mzuri sana mume wangu, lakini usimtafute penye ugomvi wa wanawake wawili. Na asubuhi hatumpati. Zamu yake huisha wateja wakiwa wameshapanga foleni.

Siku chache baadaye nikamkuta Bwana Vyuma chumba cha kuokea. Huyu ndiye anayenunua vyuma chakavu mtaani kwetu, mtu mwembamba mwenye sauti nene. Alikuwa analigonga tanuri ubavuni kwa vifundo vya vidole na kutega sikio, kama daktari wa kifua.

"Zito," akasema kwa kuridhika. "Alhamisi nakuja na mkokoteni na vijana wa kubeba."

Nilisubiri atoke. Nadhani alikuwa hajafika hata getini.

"Mama, unauza tanuri?"

"Litaondoka. Tutafanya kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Mungu atafungua..."

"Mama!"

Nilikasirika, sitaficha. Tanuri lile ndilo lililomlea mume wangu baada ya baba yake kufariki. Ndilo lililomsomesha. Mtoto niliyembeba alikuwa anakuja kwenye nyumba inayokula kutokana na tanuri lile, maana mshahara wa mlinzi unaujua, unaaga kabla haujakaa. Na hata tungepata chakula kwingine, mama yule bila mikate angekuwa nani? Angeketi dirishani anatazama watu wakipita kununua mkate wa dukani? Ningemzika huku anapumua. Nilimwambia hayo yote, na mengine ambayo mkwe hapaswi kumwambia mama mkwe wake. Hakunikemea. Alisema tu, "Wewe hukuwepo siku ile." Akaenda kuchekecha unga.

Jumatano jioni tulikanda kama kawaida. Alikanda vizuri kuliko siku zote, polepole, kama anayemwogesha mtoto kwa mara ya mwisho. Nikamwona. Nikalala na hasira hiyo, na nilipoamka ilikuwa imegeuka uamuzi.

Alfajiri ya Alhamisi tukavuka ua. Akagusa mkate, akasema, "Iko tayari," akageuka kwenda stoo. Akanikuta nimesimama mlangoni, na mwili niliokuwa nao siku zile, nikisimama mlangoni hapiti hata paka.

"Leo tubadilishane," nikasema. "Mimi naomba, wewe unawasha."

Alicheka kidogo. Alipoona mimi sicheki, akaacha.

"Mwanangu, usinitanie asubuhi."

"Sikutanii. Muuguzi amenikataza moto, nami nimechelewa kumtii. Leo namtii. Ukitaka kuuza tanuri, liuze. Lakini mikate hii uliyoikanda jana imeumuka, haitamngoja Bwana Vyuma. Ama unawasha, ama tunawapa kuku."

Nikampa kiberiti. Nikaingia stoo. Nikafunga mlango. Na kama angeusukuma wakati ule angenikuta nimeuegemea kwa mgongo, naushangaa ujeuri wangu mwenyewe.

Sijawahi kukaa mle ndani mlango ukiwa umefungwa. Giza, magunia, harufu ya unga mkavu. Sakafuni palikuwa na gunia tupu lililokunjwa, lenye mabonde mawili ya magoti. Sikuweza kupiga magoti, nikakaa juu ya gunia la unga nikafumba macho. Nikafungua mdomo niombe, nikakuta sina hata neno. Mimi kwenye maombi husinzia, Mungu mwenyewe anajua. Nikasikia kandambili za mama zikiburutwa. Nikasikia madirisha. Nikasikia bawaba za mlango wa tanuri zikilia. Kisha kimya.

Hofu ikanishika pale, jamani. Mimi niliyekuwa nawasha tanuri lile huku napiga miayo! Mbele ya tanuri una kazi ya kufanya: kiberiti, fimbo, koki, huna nafasi ya kuwaza. Nyuma ya mlango huna kazi yoyote. Unasikiliza tu, na unayempenda yuko upande wa pili. Nikafikiri, kumbe hapa ndipo alipokuwa anashinda kila asubuhi. Miaka yote hii mimi nilidhani amechagua mahali pazuri.

Ndipo nikasikia kiberiti. Kraa. Kraa, kraa. Anakwaruza haraka haraka, kijiti juu ya kijiti. Mungu wangu, ubeti hajauimba! Hata nusu mstari! Mwenye hofu hutaka kumaliza, na kumaliza ndiko kunakoua. Nilitaka kupiga kelele nikaona nitamshtua, atatupa moto popote. Basi nikafanya kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni. Niliimba.

Niliimba ule wimbo wake wa polepole, kwa sauti kubwa, na sauti yangu si ya kwaya, ni ya kuitia mbuzi. Niliuvuta kila neno mpaka mwisho wake. Kiberiti kikaacha kukwaruzwa. Nikaendelea. Katikati ya mstari wa pili nikaelewa ninachokifanya, na nikaelewa nani amekuwa akikifanya kabla yangu.

Niliumaliza ubeti. Kandambili zikaja mpaka mlangoni.

"Mwanangu," akasema nyuma ya mbao.

"Abee, mama."

"Siwezi. Mkono unatetemeka, kijiti kinazima."

"Mama, ulikuwa unaniimbia mimi?"

"Nini?"

"Kila siku. Zile kelele zako. Ulikuwa unaimba ili nisiharakie kuwasha kabla hewa haijatoka."



"Wewe unaimba kama unafukuzwa na mbwa," akasema. "Mtu afanye nini? Ningekuambia, ungenijibu. Nikaona niimbe kwa nguvu, utanifuata utake usitake."

Nililia na kucheka kwa pamoja. Nilimwambia nisamehe, mama. Akasema nikusamehe nini, tulia, usije ukamzaa mtoto leo hii humo stoo. Kisha sauti yake ikashuka.

"Nimeomba hofu hii iniondoke tangu hujaja nyumba hii. Kila asubuhi, hapo ulipo. Mungu hakuiondoa. Watu wananiita mwombaji, na hili moja sijapewa. Labda hataki niwashe."

Sikuwa na jibu la mchungaji. Nilikuwa na jibu langu tu, la mtu wa kula embe bila kulimenya.

"Mama, huyu Mungu amekaa na wewe humu stoo miaka yote, kwenye giza na unga. Unadhani pale penye tanuri hafiki? Hatua hizo chache zinamshinda?"

"Usimtanie Mungu."

"Namuuliza tu. Labda hukupewa hofu iondoke. Labda ulipewa hofu iende na wewe mpaka kwenye koki, ikatazame."

Nikamsikia akivuta pumzi. Halafu akaomba, si ile sauti ya kuitikiwa na mabati, sauti ya mtu anayeongea na aliye karibu.

"Bwana, mkono huu unatetemeka. Sina mwingine. Utumie hivyo hivyo ulivyo. Na mtoto huyu usimzalishe stoo. Amina."

"Amina. Nitoke?"

"Kaa hapo hapo. Imba upya, toka mwanzo. Na usikimbie!"

Nikaimba. Mama akaungana nami, sauti yake inapanda na kushuka mahali ambapo wimbo haupandi wala haushuki. Tukavuta kila neno. Tulipofika mwisho wa ubeti nikabana pumzi. Kiberiti kimoja. Kikazima, nikasikia akisema, "Ala!" kwa hasira, na ile hasira ilinipa moyo, maana mama akishakasirika hashindwi na kitu. Cha pili kikashika. Nikaijua harufu ya fimbo ya kuwashia, kitambaa na mafuta ya taa. Moto kwanza, nikanong'ona. Moto kwanza, mama. Koki ikalia kwa kuzunguka.

Vuuu. Sauti ile ya chini, iliyotulia, ya moto wa bluu ukikimbia kutoka tundu hadi tundu.

Nikangoja shangwe. Nikangoja asifu, aite jina la Bwana, apige vigelegele. Nilichosikia ni hiki:

"Trei! Mkwe, unangoja kadi ya mwaliko?"

Nilipotoka alikuwa bado amechuchumaa, anatazama moto usoni. Jasho limelowesha kitambaa cha kichwa. Mkono wenye ngozi inayong'aa ulikuwa unatetemeka wazi wazi, bado umeshika fimbo. Yule hakuwa mtu aliyeondolewa hofu. Hofu yote ilikuwa pale pale. Alijishika ukutani akainuka, mimi nikamshika kiwiko, tukainuana, wazito wawili, mmoja kwa umri na mmoja kwa mimba. Tukaingiza mikate.

Bwana Vyuma alifika jua limeshapanda, na mkokoteni na vijana wawili wa kubeba. Foleni ilikuwa dirishani. Mama akatoka uani na unga mpaka mabegani.

"Nimekuja kubeba," akasema Bwana Vyuma.

"Liko kazini."

"Likimaliza?"

"Likimaliza litapumzika, kesho lirudi kazini."

Bwana Vyuma akatazama mkokoteni wake, akatazama vijana wake, akaona aibu. "Mama, si ulisema mwenyewe unaliogopa?"

"Naliogopa."

"Basi?"

"Basi nini? Hata wewe unamwogopa mkeo, na kila jioni unarudi nyumbani."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mmoja wa wale vijana alicheka mpaka akaketi kwenye mkokoteni. Bwana Vyuma mwenyewe alijaribu kununa akashindwa. Mama akawapa mkate mmoja wa moto wagawane kwa usumbufu, nao wakaondoka wakitafuna, mkokoteni mtupu ukigongagonga nyuma yao.

Jioni tulikanda ya kesho. Nilipokuwa nafunika trei za mwisho akaninyang'anya kitambaa, akafunika yeye.

"Kesho usiamke," akasema.

"Nitaamka, nikae stoo. Nikuimbie."

"Kesho usiamke, nimekwambia. Wewe lala. Stoo mtu hahitajiki, na Yule aliyekuwa akikaa nami mle nitatoka naye." Akanitazama. "Nitaogopa, najua. Hiyo ni ya kwangu na Mungu wangu. Wewe mlee mjukuu wangu tumboni."

Nilidhani sitapata usingizi. Nilipanga kuamka kwa siri, nivuke ua peku, nisikilize mlangoni. Lakini mimba ni mzigo unaokulaza bila kukuomba ruhusa. Nilipofumbua macho kulikuwa kumekucha, harufu ya mkate imejaa chumbani, na mume wangu ameketi ukingoni mwa kitanda na koti lake la ulinzi, ndio kwanza ametoka kazini, ananitazama kwa wasiwasi.

"Wewe uko hapa," akasema. "Sasa nani anaoka?"

"Mama yako," nikamwambia, nikageukia ukutani, nikalala tena.